Mteja asiyerudi, kapona au kafa?

Kuna mzee mmoja Mbagala, jina simtaji maana hajaniruhusu na mambo ya kuandikwa kwenye simu anayaogopa kama nini, ana kiduka cha dawa za asili kimebanwa katikati ya fundi cherehani na duka la mapazia. Mi ndo namtunzia mahesabu. Sio kazi ya kumtajirisha mtu, ninao kama tisa hivi wa aina hiyohiyo, wauza mitishamba, wa tiba sunna, dada mmoja anapiga chuku (kuchanja na kunyonya damu kwa vikombe) Tandika, kijana mmoja anauza unga wa mlonge Instagram, kila mwezi nazunguka nachukua madaftari, napiga hesabu, nawasaidia mambo ya kodi ya TRA, napewa changu naondoka. Sasa juzijuzi mzee kaitwa semina ya ujasiriamali, kapewa fomu, kaniletea nimjazie. Swali la kwanza jina la biashara, la pili mtaji, tukaenda vizuri mpaka tukafika la tisa: unatarajia kuwa na matawi mangapi baada ya miaka mitano?

Akanitazama. "Matawi? Mwanangu, mwenye matawi ni mti. Mi nina mikono miwili, nikate mmoja niupeleke Chanika?"

Nilicheka, ila lile swali nikaondoka nalo. Maana nikiangalia kila anayekuja kumpima huyu mzee anakuja na rula yake. Sera ya biashara ndogo ya 2003 inasema biashara ndogo sana ni ile yenye watu 1 hadi 4 na mtaji usiozidi milioni 5, kwa hiyo kukua ni kuongeza watu na kuongeza mtaji. TRA wao ni mauzo, ukiwa chini ya milioni 4 kwa mwaka kodi ya mapato kwa makadirio haikuhusu, ukivuka karibu mezani. Wa mikopo anataka kujua marejesho tu, ukifa ukipona sio shida yake. Na wote hawa hamna hata mmoja aliyewahi kumuuliza mzee swali ambalo yeye mwenyewe anajiuliza kila siku jioni akifunga duka, la je, wale niliowapa dawa wiki iliyopita wanaendeleaje.

Yeye anajiuliza kwa maandishi kabisa. Ana kaunta buku ya kwaya tatu, jalada limeshaota mafuta ya habbat soda, ndani kapiga mistari kwa rula: tarehe, jina, anaumwa nini, kapewa nini, afu pembeni kabisa kuna safu nyembamba ya herufi moja. Mwanzo nilidhani ni mambo ya madeni. Kumbe P ni kapona na kaja mwenyewe kusema au katuma mtu. R ni karudi, bado anaumwa. H kampeleka hospitali. K ni kimya. Nikahesabu ukurasa mmoja wenye mistari thelathini, nikakuta P sita, R saba, H tatu, na K kumi na nne. Yani karibu nusu ya watu wamechukua dawa wakapotea mjini humu humu.

"Hao wa P wananifurahisha," akaniambia, "wa K ndo wananinyima usingizi."

Hapo ndo nikaona hii biashara ina kitu ambacho muuza chipsi hana. Mteja wa chipsi asiporudi umempoteza, kaenda kwa jirani, jirekebishe. Fundi cherehani hivyo hivyo. Wa dawa asiporudi inawezekana umefanya kazi nzuri kuliko zote, kapona, hana haja na wewe, na inawezekana pia umemharibia, au kakimbilia hospitali, au kafa. Na yule anayerudi rudi, ambaye kwenye semina wanamwita mteja mwaminifu na wanakufundisha umpe zawadi mwisho wa mwaka, huyu kwenye duka la dawa inawezekana ndo ushahidi kwamba dawa yako haifanyi kazi. Mauzo na mafanikio yanapishana njiani hawasalimiani. Na kama mwenye duka hana kipimo chake mwenyewe pembeni, atafuata mauzo, kwa sababu mauzo yanaonekana na kimya hakionekani.

Mfano mzuri ni yule kijana wa mlonge. Simsemi vibaya, ni mchapakazi, ana vijana watatu wa kufungasha, analipa kodi ya pango kwa wakati, na ukimweka kwenye ile sera ya 2003 yeye ndo wa kupigiwa makofi. Alisomea hoteli lakini kwenye akaunti yake anaitwa Dokta. Kopo moja elfu 35, na kila anayempigia, awe ana presha, sukari, vidonda vya tumbo, bawasiri, nguvu za kiume, anaambiwa dozi kamili ni makopo matatu. Nikamuuliza siku moja tukiwa tunafunga hesabu, hivi kwa nini matatu? Hakuzunguka. "Kaka, mtu akinunua moja asipoona mabadiliko harudi. Akinunua matatu, harudi pia, ila nimeshauza matatu."

Nilimpenda kwa ukweli wake na nikaogopa hapohapo. Dozi imetoka kwenye hesabu, haikutoka kwenye ugonjwa. Na angalia, hajamdanganya mtu kuhusu mlonge wenyewe, majani ya mlonge ni lishe nzuri hilo halina ubishi, tatizo ni pale mtu wa sukari anapoambiwa akae nayo miezi mitatu wakati mguu unaanza kufa ganzi. Lakini ukimuuliza kijana mafanikio kwake ni nini atakujibu haraka, oda ngapi zimetoka leo, mabasi mangapi yamebeba mzigo wa mikoani, na kiwanja kule Kigamboni kimebaki awamu ngapi. Majibu safi, unaweza kuyajaza kwenye fomu.

Na hili la mteja wa kudumu mi silizungumzii kutoka mbali. Mama yangu mdogo alikuwa na kivimbe kwenye ziwa, kama punje ya choroko, akaanza kutumia unga kwenye duka moja ambalo silitaji, miezi minane, kila mwezi mikebe miwili, na kila akienda anasifiwa kwa uvumilivu, anaambiwa dawa ya asili inakwenda polepole lakini inang'oa mzizi. Alipofika hospitali ya saratani ya Ocean Road lilishakuwa limetoboka. Mimi ni mtu wa mahesabu, nimeshindwa kujizuia kuwaza, kwenye vitabu vya duka lile, kama wanavyo, mama mdogo alikuwa mteja bora wa mwaka.

Sasa tusije tukadhani wanaopima kwa hela ni vijana wa mtandaoni na wazee wote ni watakatifu. Sio hivyo. Wapo wazee wanaochanganya unga wa mti na vidonge vilivyosagwa vya famasi, diklofenaki kwa dawa ya maungio, Viagra kwa ile nyingine, ili mteja aone matokeo usiku huohuo, na huo nao ni uelewa fulani wa mafanikio, mteja karidhika, kamleta mwenzie. Kwa hiyo hata kile kipimo ambacho wauza dawa karibu wote wanakitaja ukiwauliza, mteja kaleta mteja, kinaweza kununuliwa kwa sumu.

Kilichonifundisha zaidi ya yote ni dada wa Tandika. Yeye ni hijama, wazee wetu wakiita kuumika au kupiga chuku, zamani kwa pembe ya ng'ombe na siku hizi vikombe vya plastiki na pampu. Biashara yake inakwenda na mwezi wa Kiislamu, tarehe 17, 19 na 21 ndo siku zinazopendekezwa, simu zinaanza kuita kabla ya alfajiri na kibaraza kinajaa wanawake peke yao, maana yeye mwanamke na wanawake wengi hawataki kuchanjwa mgongoni na mwanaume. Siku nyingine za mwezi anaweza kukaa anasuka ukili tu. Mwezi wa kwanza nilipochukua hesabu zake nikaona matumizi ya nyembe na glavu makubwa kuliko nilivyotegemea, nikamwambia dada hapa ndo hela yako inapovujia, tafuta za jumla au punguza.

Akaenda ndani akarudi na kopo la maziwa ya unga limejaa nyembe zilizotumika, kalifunga na gundi ya karatasi, juu kaandika kwa kalamu ya wino mzito, 41. Akafungua daftari lake, akanionyesha majina ya siku ile. Arobaini na moja. "Hizi zikilingana na vichwa nalala. Zikipungua moja tu, maana yake kuna mtu kachanjwa na damu ya mwenzie, na hapo nikipata milioni haitanisaidia."

Nilinyamaza. Nina cheti cha uhasibu na sijawahi kuona mlinganisho wa stoo wenye akili kama ule. Mafanikio ya huyu dada ni jambo ambalo halikutokea, hakuna aliyeondoka na homa ya ini wala virusi vya Ukimwi, na jambo ambalo halikutokea utaliweka mstari gani kwenye fomu ya mkopo? Mafanikio ya namna hii ni ya kinga, kama mtu aliyeweka chandarua akaamka salama, hakuna wa kumpongeza.

Na ukitaka kuona kinachotokea pale umati unapofanywa ndo kipimo, rudi 2011. Samunge, Loliondo, mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, wenyewe tukimwita Babu, kikombe cha dawa ya mti wa mugariga, shilingi 500. Nchi nzima ilihamia kule na majirani juu, magari yakapanga foleni porini, wapo waliofia njiani kabla hawajakinywa. Kwa hesabu ya kibiashara ni maajabu, bidhaa moja, bei moja, matangazo sifuri, na bei haikupanda hata foleni ilipotisha, wakati wenye Landcruiser, wauza maji na wauza chapati walikuwa wanapandisha wanavyotaka. Sijui kama kuna mtu amewahi kukaa akaitafakari ile 500, mi naona yule mzee alikuwa na kipimo chake na hela haikuwemo. Lakini angalia upande wa pili, tulihesabu magari yanayoingia, picha za foleni zilikuwa kila gazeti, halafu waliorudi makwao hawakupata kelele ile ile. Wakiwemo walioacha ARV kwa kuamini kikombe kimemaliza kazi. Zile zote zilikuwa K, maelfu ya K, na hakukuwa na daftari.

Halafu ikaja korona. 2020 na 2021, nyungu, tangawizi, malimao, vitunguu swaumu, bei zikapaa, NIMR wenyewe, taasisi ya serikali ya utafiti wa magonjwa, wakatoa dawa yao ya mitishamba, NIMRCAF, watu wakawa wananunua magunia ya majani bila kuuliza ni ya nini. Ninazo hesabu za wale tisa kwa kipindi kile na ukizichora zinapanda kama ngazi ya mnazi. Mzee wa Mbagala aliezeka nyumba. Nikamwambia, kwa vitabu huu ndo mwaka wako bora tangu nikujue. Akasema usiandike neno bora, nilizika wadogo zangu wawili. Sikuliandika. Nikaandika tu namba, na tangu siku hiyo kila nikisikia mtu kwenye semina anasema biashara iligeuza janga kuwa fursa nahisi kama nimemeza mwarobaini mkavu.

Tukija kwa serikali, nayo ina namna yake ya kusema huyu kafanikiwa, ni karatasi. Sheria Namba 23 ya 2002 ndo iliyoleta Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na ndo inayotenganisha hivi viwili, tiba asili ni ile ya kwetu na tiba mbadala ni zile zilizotoka kwingine kama sindano za Kichina au homiopathi. Unaanzia kwa mtendaji wa mtaa, unakwenda kwa mratibu wa tiba asili wa halmashauri, ndo fomu zinapanda juu, na unasajiliwa wewe, kinasajiliwa kituo, inasajiliwa na dawa, kila kimoja kivyake. Watu wa nje wanaona ni usumbufu wa makaratasi. Mi nimekaa na hawa watu, cheti ukutani kwao ni jambo zito kuliko mtaji, kwa sababu ya historia. Januari 2015 serikali ilipopiga marufuku wapiga ramli kutokana na mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, marufuku ilikuwa sahihi kabisa, lakini polisi wa kata hatofautishi mpiga ramli na muuza dawa ya mti kama mjafari. Mzee alikitoa siku hiyohiyo kile kibao kilichoandikwa MGANGA, akabandika kingine, DAWA ZA ASILI, akakaa karibu mwaka anasikilizia. Nikamuuliza kipindi hicho mafanikio yalikuwa nini. "Kulala kwangu," akasema.

Kwa hiyo mtu aliyefungua duka kwa mkoba aliorithi kwa baba yake, akapita kwenye kipindi cha kuitwa mchawi, akapata cheti, akakitia fremu ya kioo, huyo ameshafika mbali sana hata kama mauzo yake hayajavuka laki nne na nusu kwa mwezi. Ila hapa pia niwe mkweli, cheti hakisemi dawa inaponya. Muhimbili wana kitengo kinachochunguza dawa za asili tangu 1974, NIMR wana kituo chao Mabibo, Mkemia Mkuu wa Serikali anapima kama kuna sumu, kazi nzuri zote, lakini kutoka kwenye dawa haina sumu hadi dawa inatibu ni safari ndefu na ghali ambayo mwenye kiduka cha mlango mmoja haiwezi peke yake. Wengi wanaishia kwenye haina sumu, wanarudi mtaani wanatangaza imethibitishwa.

Na hata daftari la mzee, ambalo nimelisifia mpaka hapa, linadanganya. Nilimwambia na akakasirika siku mbili. Zile P sita ni za watu waliopona na wakaona haja ya kuja kushukuru, wengine wanaleta kuku (na kuku kwenye kitabu cha mauzo unamwandikaje, mi namwandika kwa bei ya Mbagala Rangi Tatu). Lakini mafua yanapona yenyewe, mgongo unauma wiki mbili unaacha, tumbo linatulia mtu akiacha pilipili, na mzee anajiandikia P kama vile ni mti wake uliofanya. Aliyekufa haji kuleta kuku. Kwa hiyo ukipima kwa shukrani tu lazima utajiona hodari, na kila mwenye duka la dawa nchi hii anajiona hodari, nendeni mkawaulize.

Herufi ambayo mi ningeipa uzito ni H. Zile tatu. Kila H ni mtu ambaye mzee alikuwa anaweza kumuuzia kitu akakataa, akamwambia mama huyu mtoto mpeleke hospitali sasa hivi, nauli unayo? Mara mbili nimekuta kwenye matumizi kaandika "nauli ya mgonjwa 3,000", hela imetoka duka likiwa halijauza kitu. Kwa mhasibu ni hasara mara mbili, umepoteza mauzo na umetoa na nauli. Lakini nikimfikiria mama mdogo, ningetoa chochote angekutana na mtu mwenye safu ya H kwenye daftari lake. Nimewapitia wote tisa, wenye kitu kama hicho, hata kichwani tu bila maandishi, ni watatu. Na sio wale watatu wenye mauzo makubwa. Siku hizi kuna hospitali za rufaa za mikoa zimeanza kuweka tiba asili ndani, nataka kuona kama na njia ya huku kwenda kule itatambuliwa, kwamba mwenye duka aliyempeleka mtu mapema ahesabiwe kuwa kafanya kazi, sio kwamba kashindwa.

Basi, baada ya ule ugomvi wetu wa siku mbili mzee akanipigia. Akasema njoo, umesema daftari langu linadanganya, njoo tuliulize. Nikakuta kakaa kwenye kigoda, miwani imefungwa uzi, kaunta buku liko kwenye mapaja, na kapiga alama kwenye K zenye namba ya simu. Vocha yangu lakini. Tukaanza.

Ya kwanza haipatikani. Ya pili akapokea dada, akasema shikamoo mzee, ah vidonda vya tumbo nilishapona zamani, nauli tu ndo inanisumbua kuja. Mzee akafuta K kwa mate na kidole akaandika P, kwa mkono wa haraka kama mtu anayeogopa nitampinga. Ya tatu ikapokelewa na mtoto, akasema mama alifariki mwezi wa Ramadhani. Tukakaa. Fundi cherehani jirani alikuwa kawasha redio, mzee akamwomba apunguze. Hakuandika kitu kwa muda mrefu, afu akachora duara dogo tupu.

Ya nne akapokea mwanaume, sauti ya mtu yuko juu ya bodaboda. Mzee akajitambulisha, akamuuliza habari ya presha na ile dawa ya chupa.

"Mzee wangu nisamehe, ile dawa sijainywa, ilikuwa chungu sana. Ipo tu juu ya kabati."

Mzee akanigeukia na kalamu mkononi, akauliza huyu sasa ni herufi gani.

Nikamwambia sijui. Kwenye ile fomu, swali la tisa, tuliandika sifuri.